Piridoksini (vitamini B6) miligramu 50: vidonge vilivyonirudisha kwenye cherehani

Mimi ni fundi cherehani, Mwanza. Vidonge hivi nimevimeza miezi minne, na navipa nyota nne kati ya tano.

Nilikuwa mwezi wa pili wa dawa za TB nyayo zilipoanza kuwaka moto. Usiku nashuka kitandani nakanyaga sakafu ya saruji ili zipoe. Vidole navyo vikafa ganzi. Siku moja nilijichoma sindano nisijue, mpaka nikaona tone la damu kwenye kitenge cha mteja. Wakati huo nanyonyesha, na sisi tunaonyonyesha tumo katika kundi linalotakiwa kupewa B6 tangu siku ya kwanza ya dawa. Mimi sikupewa. Hilo linaniuma hadi leo.

Daktari aliyenipokea baadaye alinieleza kwa utulivu. Mwilini kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, zaidi ya 100 visivyoweza kazi bila B6. Ini huigeuza kwanza, ndipo inakwenda kukaa ndani ya kimeng'enya na kushika kile kinachofanyiwa kazi. Nilimwelewa palepale. Cherehani isiyo na sindano huzunguka vilevile, mkanda unavuta, gurudumu linalia, na kitambaa kinatokea upande wa pili hakina mshono hata mmoja. Sasa isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, huing'ang'ania B6 na kutoka nayo kwenye mkojo. Mashine ipo, sindano imechukuliwa.

Kidonge ni kidogo, kinapita kooni bila shida, tofauti na vile vikubwa vya TB. Wiki ya kwanza sikuona badiliko. Ya tatu moto ukapungua, na mwezi uliofuata nikatunga uzi mwenyewe bila kumwita mwanangu.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya bahasha: karatasi tupu, imeandikwa 1x1 kwa kalamu (kidonge kimoja mara moja kwa siku), basi. Jirani yangu alitaka kumeza vitatu kwa mpigo akidhani vitamini haidhuru, kumbe B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, ileile ambayo vidonge hivi vinailinda. Kwa kinga, miligramu 10 hadi 25 kwa siku zinatosha. Mimi nilipewa 50 kwa kuwa ganzi ilishaingia. Dawa za TB sikuziacha hata siku moja, miezi 6 yote.