Tawasifu ya Mary Leakey: Aliyeliona Fuvu na Aliyelitia Jina

Kila unapozuka mjadala kuhusu wake wa wanasayansi ambao kazi yao ilimezwa na majina ya waume zao, mfano unaotangulia huwa ni wa Mileva Marić, mke wa kwanza wa Albert Einstein. Mjadala huo haufiki mbali, kwa kuwa makala za fizikia za mwaka 1905 zilizomletea Einstein sifa zilitoka kwa jina lake peke yake, na wanaomtetea Mileva hutegemea zaidi mistari michache ya barua ambamo mumewe alitaja "kazi yetu". Afrika Mashariki tuna mfano unaomfaa zaidi mtu anayetaka kulichunguza jambo hili kwa utulivu, kwa sababu nyaraka zake zipo na mke mwenyewe aliandika kitabu. Kitabu hicho ni Disclosing the Past, tawasifu ya mwanaakiolojia Mary Leakey iliyotoka mwaka 1984, mwaka mmoja baada ya yeye kustaafu kazi ya uchimbaji na kurudi kuishi Lang'ata, Nairobi. Nilikisoma nikiwa na swali moja tu, yaani kama kinamwezesha msomaji kujua nani alifanya nini Olduvai, korongo la kaskazini mwa Tanzania ambako Mary na mumewe Louis walichimba mabaki ya kale, na jibu langu ni kwamba kinamwezesha vizuri sana, ingawa sidhani kwamba hilo ndilo alilolikusudia mwandishi.

Wengi watakifungua kwa ajili ya tarehe 17 Julai 1959. Asubuhi hiyo Louis Leakey alikuwa amelala kambini akiwa mgonjwa, na uchimbaji ulikuwa umesimamishwa ili kumsubiri Des Bartlett, mpiga filamu ambaye alitakiwa kuirekodi kazi tangu mwanzo. Mary hakuwa mtu wa kukaa bure. Alitoka na mbwa wake wawili, Sally na Victoria, akaenda kukagua miteremko ya eneo linaloitwa FLK, na ilipokaribia saa tano akaona kipande cha mfupa kikichomoza ardhini, chenye vitundu vya hewa kama ulivyo mfupa wa nyuma ya sikio la binadamu. Alipopangusa udongo kidogo, yakatokea meno mawili makubwa yakiwa bado yamekaa kwenye taya. Akapanda Land Rover na kurudi kambini akipiga kelele kwamba amempata. Louis aliruka kitandani akaenda kutazama, na baada ya kuyaona meno akavunjika moyo, kwa kuwa hayakuwa ya jenasi ya Homo, yaani ile ya binadamu, aliyokuwa akiisaka pale tangu mwaka 1931. Kilichofuata ni kuchekecha udongo wa mteremko na kuunganisha takriban vipande 400, mpaka fuvu likarudi kuwa na sura, na kazi hiyo ya mikono na macho ilikuwa ya Mary kwa sehemu kubwa.

Baada ya kusoma sura hiyo, inafaa msomaji akiweke kitabu kando aitafute makala iliyolitangaza fuvu hilo katika jarida la Nature la tarehe 15 Agosti 1959. Mwandishi wake ni mmoja, L. S. B. Leakey. Makala inaeleza bila kificho kwamba fuvu lilionwa tarehe 17 Julai mahali paitwapo FLK, na kwamba aliyeliona ni "mke wangu". Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba Louis aliuficha ukweli, kwa maana hakuuficha. Hata hivyo, ni yeye aliyeamua kwamba kiumbe huyo anastahili jenasi mpya, akamwita Zinjanthropus boisei kwa heshima ya Charles Boise, mfanyabiashara aliyekuwa akifadhili kazi hiyo. Maelezo marefu ya kisayansi ya fuvu yaliandikwa na mwanaanatomia Phillip Tobias, yakatoka mwaka 1967. FLK nayo ni kifupisho cha Frida Leakey Korongo, na Frida ndiye mke wa kwanza wa Louis. Fuvu lilionwa na mke wa pili, katika korongo lenye jina la mke wa kwanza, kisha mume wa wote wawili akalitia jina la mfadhili.

Tukio hilo halikuwa la kwanza la aina yake. Mwaka 1948, katika Kisiwa cha Rusinga, Mary ndiye aliyeliona fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, na ndiye aliyesafiri nalo kwa ndege hadi Uingereza, lakini utafiti wa kina kuhusu sokwe hao wa kale uliandikwa na mwanaanatomia Le Gros Clark pamoja na Louis. Wala halikuwa la mwisho, kwani mwaka 1964, spishi ya Homo habilis ilipotangazwa kutokana na mabaki yaliyochimbwa Olduvai katika kipindi ambacho Mary alikuwa msimamizi wa uchimbaji, waandishi waliotajwa walikuwa Louis, Tobias na John Napier.

Anayetarajia kuyasoma hayo yakisemwa kwa uchungu hatayapata. Mary anaisimulia ndoa yao kama mgawanyo wa kazi ambao ulimfaa: Louis alipenda majukwaa, mihadhara na kutafuta fedha, ilhali yeye alipenda kambi, mbwa wake, sigara na zana za mawe. Tusiupuuze ushuhuda wake kwa sababu tu haulingani na hoja tunayotaka kuijenga. Mary hakuwahi kusomea shahada ya chuo kikuu, hakudai kuwa mtaalamu wa maumbile ya mifupa, na kuainisha mabaki ya binadamu wa kale kulikuwa fani ya watu wengine. Mahali alipokuwa na mamlaka, jina lake lipo. Juzuu ya tatu ya Olduvai Gorge, iliyochapwa na Cambridge mwaka 1971 kuhusu uchimbaji wa tabaka za chini, ni yake peke yake, na ni vigumu kuzungumzia zana za kale za mawe za Afrika Mashariki bila kuigusa. Ninapotofautiana naye ni pale anapoelekea kuona kwamba, kwa kuwa yeye hakujali, basi hapakuwa na jambo la kujali. Makala ndiyo iliyonukuliwa vitabuni, na mwandishi wa makala ndiye aliyepigiwa makofi ughaibuni, kwa hiyo vizazi vya wanafunzi vikakariri kwamba Zinjanthropus aligunduliwa na "Dkt. Leakey" bila kuuliza ni Leakey yupi.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni ile ya ujana wake, ambayo nilidhani ningeiruka. Baba yake alikuwa mchoraji, na Mary alikulia miongoni mwa mapango ya kusini-magharibi mwa Ufaransa, akafukuzwa shule zaidi ya moja, kisha akajipatia riziki kwa kalamu ya risasi. Mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alimwajiri achore zana za mawe za kutoka Misri, akamtambulisha kwa Louis, na Louis naye akamwomba achore kwa ajili ya kitabu chake kilichotoka mwaka 1934. Asiyewahi kuchora jiwe lililochongwa anaweza kudhani kwamba hayo ni mapambo. Mchoraji hana budi kuamua kila kovu la jiwe limetokana na pigo gani, pigo lipi lilitangulia, na lipi ni la asili tu lisilotokana na mkono wa mtu, na uamuzi huo ni utafiti kamili hata kama jina la mchoraji litaandikwa kwa herufi ndogo katika shukrani. Kwa maoni yangu, mjadala wa wake wa wanasayansi ungenufaika sana kama ungeanzia kwenye kazi za namna hii, yaani kuchora, kupanga, kupima na kunakili, badala ya kubishania ni nani aliyepata wazo kuu usiku wa manane. Sura ya Kondoa, Tanzania, inalithibitisha hilo. Mwaka 1951 Mary alishinda kwenye miamba ya huko akinakili michoro ya kale, na maandishi yake yanachangamka hapo kuliko mahali pengine popote kitabuni.

Dosari zipo. Mwandishi ana ubahili wa maneno katika mambo ya moyoni, kiasi kwamba kuvunjika kwa uhusiano wake na Louis katika miaka ya 1960 kunapita upesi, ingawa anaeleza wazi kwamba imani ya Louis kwamba eneo la Calico, California, lina zana za binadamu wa kale sana ilichangia sana kuwatenganisha. Suala la Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, nalo linamwacha msomaji wa Afrika na maswali: mwaka 1968 Louis aliikataa shahada ya heshima ya chuo hicho kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, lakini Mary aliipokea yake. Kumtetea mwanamke aliyenyimwa nafasi katika kumbukumbu hakutulazimishi kumsifu katika kila alilofanya.

Lipo pia jambo ambalo mjadala huu hulisahau karibu kila mara. Kama Mary alisimama ngazi moja chini ya Louis, chini ya Mary walisimama wachimbaji Waafrika, wengi wao Wakamba, ambao macho yao yaliona mengi. Heselon Mukiri alifanya kazi na Louis kwa miongo mingi, na fuvu la Homo habilis linaloitwa OH 24 lilionwa mwaka 1968 na Peter Nzube, aliyekuwa katika kikosi cha Mary mwenyewe. Atakayemdai Louis jina la Mary hana budi kumdai Mary majina ya watu hawa, na mizani hiyo hiyo itumike pande zote mbili.

Kiingereza cha kitabu ni chepesi, kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari ya juu atakimudu, na mwalimu wa historia atapata humo simulizi za kutosha kuuchangamsha mtaala. Anayepanga kwenda Olduvai, au kulitazama fuvu la Zinjanthropus ambalo ni hazina ya Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, akisome kwanza. Ambaye swali lake hasa ni lile la nani alifanya nini asiishie kwenye tawasifu. Aitafute maktabani ile juzuu ya mwaka 1971 na kufungua ramani za sakafu ya FLK, ambamo maelfu ya mawe na mifupa yamechorwa mahali hasa yalipokutwa, chini ya jina la M. D. Leakey.