TAHADHARI: Muuza vipimo vya usonara upande wa Kikuubo, kalipa zake zinasema uongo

Jamani masonara wenzangu, na ninyi mnaochonga pembe, na ninyi wa shanga na waya: kabla hujanunua kalipa (kile chombo chenye meno ya kubana, cha kupimia unene na upana), rula au fimbo ya kupimia pete kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha vioo upande wa Kikuubo, Kampala, soma hapa kwanza. Jina lake silitaji kwa sababu shemeji yangu wa polisi kanikataza mpaka kesi iandikishwe. Mnaopita huko mtamjua tu. Mwingi wa salamu, shati limepigwa pasi, na Kiswahili kimenyooka kuliko chetu sote tuliokulia Kampala.

Oda ya Jinja mnaijua, ile pete ya harusi ya fedha na pembe iliyokataa kuingia kidoleni, sirudii. Wengine mlikuwepo bwana harusi alipokuwa anasukuma pete mbele ya wakwe huku jasho linamtiririka. Mmeniandikia pole mpaka simu imejaa, na wengine mnacheka pembeni, nawaona. Chekeni. Lakini sikilizeni nilivyoingizwa mjini, halafu mniambie nani kati yenu angetoka salama.

Nilikwenda kutafuta kalipa tu. Akanitolea ya 35,000. Nikaishika, nikaanza kuufungua mkoba, na yeye akaninyang'anya! "Hapana nyabo, hii siwezi kukuuzia wewe. Hii ni ya mafundi bomba. Wewe ni sonara wa fedha, utanirudia hapa unalia." Akaitupa kwenye kikapu chini ya meza, hata hakuiangalia tena. Sasa niambieni, mwizi gani anakataa pesa iliyokwisha kutolewa? Hapo ndipo nilipolegea. Sikulegezwa na sifa za ile nzuri, nililegezwa na jinsi alivyoitukana ile mbaya.

Akapanda kigoda, akashusha sanduku jeusi. Ndani sponji imekatwa kwa umbo la kalipa, juu ya kifuniko jina la ile kampuni ya Kijapani tunayoiota sote. Akaipangusa kwa kitambaa cha miwani. Akafunga meno yake: 0.00. Akafungua, akafunga tena: 0.00. Akatoa kipande cha chuma kilichochorwa 10.00, akakibana, kioo kikasema 10.00. Akavua pete yake kidoleni, akaipima ndani, kisha akaichomeka kwenye fimbo ya alumini iliyokuwa mezani, na namba zikakubaliana. Vyote alivishika mwenyewe. Kidole gumba chake kilikuwa kinaligusa lile gurudumu dogo kwa ulaini wa mtu anayepapasa shavu la mtoto mchanga. Mimi nilikuwa natazama namba. Nani asingetazama namba?

Basi nikachukua vyote: kalipa, fimbo, rula ya chuma na kimizani cha mfukoni. Alianzia 280,000, akanishushia hadi 260,000, na soda akaninunulia. Nikamlipa kwa simu palepale. Jina lililotokea si lake, akasema ni laini ya dada yake. Kimizani kilikuwa na stika ya Q, alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na mimi nikiona Q roho inatulia, kama kila mtu nchi hii. Juzi nimeikwangua kwa ukucha, imetoka karatasi tupu, ya kuchapisha mtaani.

Tuje kwenye pete. Kidole cha bwana harusi nilikipima kwa pete zangu za saizi, zile za zamani ambazo hazijawahi kuniangusha: saizi 10 ya Kimarekani, yaani milimita 19.8 kwa ndani. Fedha ilikuwa ya unene wa 1.2. Hesabu mnaijua, kipenyo cha ndani ujumlishe na unene, uzidishe kwa 3.14, unapata kama 66. Nikakata, nikaunga, nikaigonga kwenye fimbo mpya mpaka ikakaa kwenye alama ya 10. Nikahakikisha kwa kalipa: 19.8. Vipimo viwili vimekubaliana, wewe ni nani ubishe? Nikaivisha pembe juu, pembe ya ng'ombe wa Ankole, ile nyeusi yenye mshipa mweupe niliyoitunza kwa kazi maalumu. Nikaing'arisha mpaka usiku.

Mzee wetu wa usonara wa Katwe alipoichukua ile pete akaipima kwa kalipa yake ya mkono isiyo na betri, akapata 19.4. Akaigeuza, akapima tena, 19.4. Akaichukua fimbo yangu, akapima unene wake kwenye alama ya 10: 19.4. Kisha akachukua kalipa yangu, akaniambia nitazame. Akaingiza meno madogo ndani ya pete, akaigusa polepole, ikasema 19.4. Akasukuma kidogo, 19.6. Akakaza kidole, 19.8. Pete ni ileile! Mwili wa kile kitu ni plastiki iliyopakwa rangi ya chuma, ukikaza meno yanajipinda. Kinakupa namba unayoitafuta.

Mtu wa mbao atasema 0.4 ni nini. Saizi moja ya Kimarekani ni milimita 0.81 tu, kwa hiyo hiyo 0.4 ni nusu saizi nzima. Kwa mzunguko wa ndani ni milimita moja na robo. Kifundo cha kidole cha mwanamume, mchana wa joto la Jinja, hakipiti hapo. Ingekuwa fedha tupu ningeivuta kwenye fimbo kwa dakika chache nikamrudishia akiwa bado anakunywa chai. Lakini pembe haivutiki. Ukiipasha moto inalegea, sawa, ila ikishagundishwa juu ya fedha utaipashaje gundi isiachie? Nilijaribu kuivuta hivyohivyo kwa sababu wakwe walikuwa wanasubiri. Nikasikia "ta!" Ufa mwembamba ukafuata ule mshipa mweupe kutoka ukingo mpaka ukingo. Pembe ile sitaipata tena.

Nikamrudia. Unajua alisema nini? "Nyabo, umeiangusha." Mbele ya wateja! Eti nimeiangusha, na fimbo nayo nimeiangusha ikajichora namba upya. Baada ya hapo simu haipokelewi. Nilipopita tena kibanda kilikuwa kimejaa makava ya simu, na kijana mwingine aliyekaa pale hamjui mtu yeyote.

Huyu ni wa kufungwa, jamani. Simzungumzii mtu wa faini, faini atailipa kwa pesa zetu. Watu wa UNBS watoke Bweyogerere na gari lao wapakie sanduku kwa sanduku, wavipondeponde barabarani tukitazama. Ningekuwa hakimu ningempimia kifungo kirefu, ila si kwa rula yake, atatoka mapema. Rula yenyewe, nilikuwa sijaisema, imekatwa ukingoni mpaka ikala karibu nusu ya milimita ya kwanza. Ndiyo maana mzee anapima kuanzia alama ya 10 siku zote, halafu anatoa. Nilikuwa nadhani ni uzee.

Mnauliza nilipaswa kuona nini. Hakuacha nishike mwenyewe, hilo moja. Kipande chake cha 10.00 kilikuwa chake, kwa nini nikiamini? Nendeni na kitu chenu. Kadi ya benki ni milimita 85.60 kwa 53.98, dunia nzima. Gololi ya gurudumu la nyuma la baiskeli kwa kawaida ni robo inchi, 6.35, fundi baiskeli atakupa bure. Bana kwa ulaini, kisha kaza. Namba ikikimbia, na wewe kimbia. Funga meno uyaelekeze kwenye mwanga, ukiona mwanga unapenya rudisha sandukuni. Na zile tarakimu mbili baada ya nukta ni za kioo tu, si ushahidi wa chochote. Pia jina la kwenye simu. Yapo na mengine, nikitulia nitaandika, sasa hivi mikono inatetemeka.

Mwenye fimbo ya alumini iliyonunuliwa kwake, aipime kwenye alama ya 10 leo, kabla hajakata fedha ya mtu.

Jumatatu asubuhi naenda kituoni na sanduku lote kama lilivyo, na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, wa hapa kwetu amekubali kunisindikiza. Mliouziwa naye njooni na vipimo vyenu, na zile meseji za malipo msizifute, ndizo zenye jina la huyo "dada". Na wewe uliyeniandikia jana usiku kuuliza kama ile ya 35,000 bado anayo, nimekusoma. Sikujibu kwa heshima ya mama yako.