Nilivyosoma fizikia bure kwa miezi 8: kilichonifaa na kilichonila bando

Kidato cha nne nilipata D ya fizikia, na kwa miaka 9 jambo hilo halikuninyima usingizi. Naendesha boti ya abiria kati ya Lamu na Mokowe. Injini ikizima naifungua, nikishindwa namwita mwenzangu, safari inaendelea. Mwaka jana nikaingiwa na hamu ya kusomea uhandisi wa meli, nikaambiwa cheti changu hakifiki, labda nirudie mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari hapa Kenya. Mwalimu wa tuisheni akataja bei ambayo mimi naiona msimu wa wageni tu. Basi nikaingia intaneti na simu yangu yenye ufa kiooni, nikawa nasoma usiku pamoja na mpwa wangu aliye kidato cha tatu.

Nianze na hasara. Tovuti ya kwanza niliyoifungua iliahidi karatasi zote za mitihani iliyopita, bure. Maswali yalikuwa bure kweli. Majibu ndiyo yaliyotaka shilingi 50 kila karatasi. Nikalipa mara moja, faili lililokuja likawa la kemia. Tovuti hiyo siitaji. Hasara ya pili niliitafuta mwenyewe: nilijilaza nikitazama somo la mawimbi, usingizi ukanichukua, video zikafuatana zenyewe mpaka adhana ya alfajiri. Bando la wiki nzima likaenda hivyo. Tangu siku ile kila ninachokutana nacho nakiuliza swali moja: nikishakipakua, kitafunguka bila bando?

Kilichojibu swali hilo vizuri kuliko vyote ni PhET. Ni majaribio ya kuchezea kwenye skrini, yanatengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Aliyeyaanzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa ametunukiwa Nobel ya fizikia. Hakuna kujisajili wala kulipa. Majaribio mapya unayapakua, kila moja faili moja, kisha unalifungua kwa kivinjari hata ukiwa katikati ya mkondo wa bahari usio na mtandao. Na baadhi yao yamefasiriwa kwa Kiswahili. Ya zamani yaliyoundwa kwa Java, lugha ya kompyuta ambayo vivinjari vya simu haviifungui, ni shida kwa simu, ukiyaona yapite.

Jaribio la sakiti, yaani njia ya umeme, ndilo lililomshika mpwa wangu. Unachukua betri, nyaya na balbu, unaunga mwenyewe. Ukiunga waya kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine bila kupitia kitu chochote, betri inawaka moto mbele ya macho yako. Aliichoma kama mara 10 akicheka. Mara ya 11 akanyamaza, akauliza, "Mjomba, kwa nini nikiweka balbu haiwaki moto?" Nilikuwa nimekaa darasani miaka 4 na swali hilo sikuwahi kuliuliza. Ukinzani wa waya mtupu, yaani unavyouzuia umeme, ni mdogo mno, mkondo wa umeme unakuwa mkubwa kupita kiasi, betri inapata joto. Balbu inapokaa njiani inauzuia mkondo. Kwenye daftari langu la zamani mlikuwa na V = IR (volti ni mkondo mara ukinzani) imepigiwa mstari mwekundu, na sikujua inasema nini.

Jingine ni la ubao wa mizani: unaweka matofali huku na huku, unasogeza mpaka ubao ulale sawa. Hapa mimi ndiye niliyecheka, maana mchezo huu naujua tangu utotoni. Mashua zetu zinaposhindana, upepo ukiwa mkali, baharia hutoka nje juu ya ubao upande wa upepo ili chombo kisilale. Nahodha akipiga kelele "Toka! Toka nde!" anataka momenti, yaani kani mara umbali wake kutoka katikati, ila hatumii neno hilo. Mtu wa kilo 70 ana uzito wa niutoni 700 hivi (niutoni ni kipimo cha kani). Akikaa mita 1 kutoka katikati ya chombo, momenti yake ni 700. Akijisogeza hadi mita 2 inakuwa 1,400, na hajaongezeka hata ratili moja. Siku ile nilifunga simu nikaenda kukaa ufukoni kutazama mashua, nikawa nahesabu kichwani kama mwendawazimu.

Kwa vitabu, OpenStax inatosha. Ni mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, na kitabu chao cha kwanza, mwaka 2012, kilikuwa cha fizikia. Kipo cha chuo na kipo cha shule za upili. Anza na hicho cha shule. Unakipakua chote kama PDF. Faili ni zito, kwa hivyo tafuta mahali penye waifai ya bure. Mimi nilizungumza kwa adabu na kijana wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni, nikamletea samaki. Mifano yao ni ya Kimarekani, magari ya theluji na besiboli, lakini hesabu ni zile zile.

Khan Academy nayo ni bure na haina matangazo. Video sizitegemei tena, yaliyonipata nimeshayasema, ila maswali yake ya mazoezi ni mazuri: ukikosa unaonyeshwa hatua kwa hatua ulipopotea. Fungua akaunti ili ikumbuke ulipofika. Kwa kutafuta jambo moja la haraka kuna HyperPhysics ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia. Sura yake ni ya kizamani, visanduku na mistari, lakini ni nyepesi na inafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua.

Mihadhara ya mwanafizikia Richard Feynman pia imewekwa wazi na Caltech, chuo cha Marekani alikofundisha, inasomwa bure kwenye kivinjari. Aliitoa kati ya 1961 na 1963. Tamu sana, na haitakusaidia mtihani. Mimi huisoma Ijumaa.

Kikwazo kikubwa kwangu kilikuwa karatasi ya tatu, ile ya vitendo. Skrini haikufundishi kushika rula. Hapo tulirudi nyumbani kwetu: tukafunga mshipi wa kuvulia kwenye boriti ya dari, chini tukaning'iniza kufuli kubwa, tukalivuta kidogo pembeni na kuliachia. Mpwa anahesabu, mimi nina saa ya simu. Mizunguko 20 ikachukua sekunde 40.2, yaani sekunde 2.01 kila mmoja. Mshipi ulikuwa sentimita 96. Tukakokotoa mchapuko wa uvutano, yaani kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka kila sekunde, ukatoka 9.38. Kitabu kinasema 9.8. Mpwa akataka kuandika 9.8 tu tulale, kama wanavyofanya wengi, na mimi pia nilifanya zamani. Nikamkataza. Tukarudi kwenye sura ya penduli, tukasoma polepole: urefu unapimwa hadi katikati ya uzani, si hadi fundo la kamba. Kutoka fundo hadi katikati ya kufuli zilikuwa sentimita 4. Tukaweka mita 1 kamili, jibu likawa 9.77. Karibu na ikweta uvutano ni 9.78 hivi, na Lamu ikweta haiko mbali. Ilikuwa saa sita usiku, tukapigana mikono kama tuliofunga goli.

Mtihani ni wa Kiingereza, kwa hivyo nina daftari la safu mbili: kani, mchapuko, ukinzani upande huu, maneno yao upande ule. Jambo nalielewa kwanza kwa lugha yangu ndipo nalivusha. Sumaku bado inanitoa jasho, na lenzi sijazigusa.

Mama ameshauliza mara 2 kufuli la banda la mbuzi limekwenda wapi. Bado linaning'inia kwenye boriti, na mbuzi jana wamelala jikoni.