Woka ya shilingi 140,000: mtoto alitembea bila hiyo

Woka, kile kigari cha kumfundishia mtoto kutembea, niliinunua soko la Kikuubo, siku nilipokwenda Kampala kuchukua mzigo wa duka langu hapa Busia. Mwanangu alikuwa na miezi minane, anakaa vizuri lakini hatambai, na mtoto wa jirani, mdogo kwake kwa wiki mbili, tayari anashika kochi na kusimama. Muuzaji akaniambia, "Mama, mweke humu, mwezi mmoja tu anatembea." Nikatoa shilingi 140,000 za Uganda, hata bei sikuomba anipunguzie.

Ni ile ya duara, magurudumu manane, kiti cha kitambaa katikati na kimeza cha muziki mbele. Plastiki yake ngumu, kitambaa kinafulika na kukauka upesi. Hapo sina lawama. Lawama ni kazi yake. Hata ukishusha kiti mpaka mwisho, mtoto anagusa chini kwa ncha za vidole. Anasukuma, anarudi kinyumenyume, anacheka. Jioni moja nikakaa nimtazame: uzito wote umebebwa na kiti, na miguu yake haioni, kimeza kimeiziba. Sasa anajifunza nini?

Wiki ya tatu gurudumu likanasa kwenye kizingiti cha jikoni, woka ikapinduka, hatua mbili kutoka kwenye sigiri yenye sufuria ya posho. Alipona na nundu ya paji la uso. Nesi kliniki hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba Kanada waliipiga marufuku tangu 2004, na kwamba Shirika la Afya Duniani lilipofuatilia watoto wenye afya wa nchi tano, Ghana ikiwemo, walianza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na karibu 18. Kumbe wangu hata hakuwa amechelewa!

Mama mkwe ndiye aliyecheka. Yeye watoto wake aliwakalisha kwenye beseni, amewazungushia leso. Na asidharauliwe: miaka ya 1950 daktari Mfaransa, Marcelle Geber, alipima watoto kule Kampala akakuta wanawatangulia wa Ulaya. Baadaye, kwa Wakipsigis wa Kenya, ilionekana watoto wanatangulia kama mwezi hivi katika yale wanayozoezwa nyumbani, kukaa na kutembea. Kutambaa, ambako hawakuzoezwa sana, hakukutangulia. Basi kumsogeza mtoto kidogo inawezekana, ila kwa mikono ya mtu na sakafu, si kwa kumning'iniza.

Wangu alitambaa miezi kumi. Alitembea miezi kumi na tatu na nusu, akisukuma jerikani tupu ya lita 20 kutoka mlangoni hadi kwa baba yake, kelele mtaa mzima.

Woka iko stoo. Nyota moja kati ya tano, na hiyo ni ya kitambaa. Muziki bado unafanya kazi; ukiigusa tu usiku inaanza kuimba, na betri hazitaki kuisha.