Printa ya risiti POS-80: mashine iko poa, kasheshe ni draiva

Hii ni ile printa nyeusi ya milimita 80 ambayo ukiingia maduka ya kompyuta Kariakoo unaikuta kila kona, boksi limeandikwa POS-80 basi, jina la kampuni hakuna. Naitumia duka la dawa na mashine yenyewe kiukweli sina neno nayo, inachapa chap, inakata karatasi yenyewe, wino haili maana inatumia joto, we ni kununua roli tu. Ila kuiunganisha na Windows aisee, andaa jioni nzima.

Kwanza wanakuwekea draiva, ile programu ya kuifanya kompyuta iongee na printa, kwenye kasidii kadogo, sasa laptopu gani ya siku hizi ina sehemu ya sidii? Muuzaji akanirushia faili WhatsApp, nikainstoo, ikasema imekamilika, nabonyeza kuprinti kimyaaa. Kabla hujambebea fundi kompyuta fanya hivi: zima printa, shikilia kitufe cha FEED, iwashe huku bado umekishikilia. Ikitema karatasi ya majaribio yenye maandishi ujue printa ni nzima, ugonjwa uko kwenye kompyuta. Ikitoka nyeupe tupu basi roli imewekwa kinyume, kwaruza na ukucha, upande unaotoa alama nyeusi ndo unatakiwa uangalie kichwa cha kuchapia.

Kwangu ugonjwa ulikuwa port, yaani tundu ambalo kompyuta inapitishia kazi kwenda kwa printa. Draiva ilijipanga kwenye LPT1, tundu ambalo laptopu yangu haina kabisa, kwa hiyo risiti zinarundikana kwenye foleni huko hakuna anayezipokea. Ingia Printer properties, sehemu ya Ports, weka tiki USB001, ndo ya waya wa USB, tayari inaanza kuunguruma. Na ukishaweka waya kwenye tundu moja usiuhamishe!! Dada anayeuza pale aliuchomoa achaji simu, akaurudisha tundu la pembeni, Windows ikaona ni printa mpya ikaanzisha USB002 na printa nyingine ya Copy 1, huku programu ya mauzo bado inatuma kwa ile ya zamani, wateja wamepanga mstari.

Risiti zikishakwama hata kufuta zinagoma, hapo unasimamisha Print Spooler, ile huduma ya Windows inayoshika foleni ya kuchapa, iko kwenye Services, unafuta vilivyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo tu folda yenyewe iache, halafu unaiwasha tena hiyo Spooler. Maandishi yakikatwa pembeni angalia saizi ya karatasi, roli ni 80 lakini eneo la kuchapa ni kama milimita 72 hivi. Na draiva ikikataa kabisa, Windows wanayo yao inaitwa Generic / Text Only, maandishi yatatoka ila logo ya duka sahau.

Kama una hela ya kuongeza chukua yenye tundu la LAN, la waya wa mtandao, unaipa IP yake ya kudumu, yaani anwani yake kwenye mtandao, na hayo mambo ya USB001 sijui 002 unaachana nayo. Mashine naipa nyota 4 kati ya 5, draiva 2, na hiyo ya pili ni huruma tu. Halafu wanaouliza inbox kama inatoa risiti ya TRA, jamani hapana, hii siyo EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ni printa tu.