Doti ya kanga kwenye begi la safari: inapofaa na inaposhindwa

Anayetaka kupunguza mzigo aanze na taulo. Taulo nene la kuogea hujaza sehemu kubwa ya begi dogo, na likilowa asubuhi, jioni bado bichi. Kipande kimoja cha kanga, takriban sentimita 150 kwa 110, hukunjwa kikawa chembamba kama daftari, na maji kinafuta vizuri. Doti ina vipande viwili: kimoja kikiwa kambani, kingine kikavu kiko begani.

Ila si kila kanga. Kariakoo au Mtaa wa Biashara, Mombasa, za pamba na za poliesta hukaa rafu moja. Poliesta hukauka upesi lakini hainyonyi. Utajifuta na mwili ubaki majimaji. Chomoa uzi mmoja ukingoni uuwashe. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Usiamini tone la maji dukani, maana kanga mpya ina wanga na maji huteleza hata juu ya pamba tupu.

Kwa hiyo usiinunue siku ya kuondoka. Ikate doti katikati ipate vipande viwili, mpe fundi cherehani apinde kingo zilizokatwa, kisha fua kila kipande peke yake mpaka maji yatoke safi. Nyekundu iliyokolea ikichuja ndani ya begi, shati jeupe halirudi. Na jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, lisome kabla ya kulipa. "Wema hauozi" ni zawadi nzuri kwa mwenyeji wako. Fumbo kali litasomwa kuwa limemlenga yeye.

Pwani ndiko kanga inakofanya kazi zote. Ufukweni Unguja ni mkeka. Ukitoka majini kupita kijijini, unajifunga moja na kujitanda ya pili, na hakuna anayekwazika. Usiku ni shuka, na hiyo inatosha kabisa kwa joto la Januari. Kwa mtoto ni mbeleko. Tatizo ni masika: hewa ina unyevu, kanga iliyoanikwa chumbani haikauki hata ikilala usiku kucha, na ukiikunja mbichi inavunda. Ianike kwenye upepo, na mchanga uukung'ute baada ya kukauka, si kabla.

Hifadhini chagua rangi ya kahawia au ya udongo. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi, tena bluu ya kanga ni ile iliyokolea hasa. Huko kazi yake kubwa ni vumbi: funika kamera na darubini gari likiwa mwendoni. Ndege ndogo za kwenda Serengeti kwa kawaida huruhusu kilo 15 na begi laini tu, kwa hiyo kuacha taulo na shuka ya kujifunika kunaonekana kwenye mizani.

Mlimani isikudanganye. Kilimanjaro ni mita 5,895, na pamba ikilowa jasho au mvua hushika maji, ikakupoza mwili wakati unahitaji joto. Usiivae ndani ya koti, wala usiitegemee kama taulo; chukua taulo dogo la nyuzi laini linalokauka kwa haraka. Kipande kimoja kikavu kinatosha, kibaki hemani: funga koti la ziada ndani yake, umepata mto.