Kahe inaishinda Moshi: uzoefu wangu wa stesheni za reli zenye mandhari bora huku kaskazini

Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya stesheni yetu kukaa zaidi ya miaka ishirini bila msafiri, nilikuwa miongoni mwa walioenda kuipokea. Tangu hapo nimekuwa msafiri wake wa kudumu, na hata siku nisizosafiri huwa napitia stesheni kuangalia mlima Kilimanjaro. Jambo linaloniumiza ni moja. Orodha za stesheni zenye mandhari bora duniani zimejaa Uswisi na India, lakini ya kwetu hata moja sijawahi kuiona humo. Naandika haya kwa anayetaka kujua ukisimama jukwaani huku Kilimanjaro na Arusha unaona nini hasa, na wapi pafaa zaidi.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayonipa ujasiri wa kusema. Stesheni ya Kleine Scheidegg kule Uswisi, inayosifiwa sana, iko mita 2,061 juu ya usawa wa bahari, na mlima Eiger ulio mbele yake una mita 3,967. Kutoka jukwaani hadi kileleni ni kama mita 1,900. Sasa njoo Kahe. Hapo umesimama kwenye tambarare yenye mita 700 hivi, na Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, iliyo mbele yako inafika mita 5,895. Macho yako yanapanda zaidi ya mita 5,000 bila safu nyingine ya milima kuingia katikati. Sisemi Eiger si kitu. Ule uko karibu sana na jukwaa, wetu uko mbali. Lakini umbali huo ndio unaokuwezesha kuuona mlima mzima, toka mashambani hadi kwenye barafu, kwa jicho moja.

Moshi kwanza, kwa sababu ndiko wengi wanakoshukia. Stesheni iko pembeni ya mji, unaweza kutoka mnara wa saa kwa miguu ukafika bila jasho. Ukishuka kwenye behewa usikimbilie kutoka nje kutafuta bajaji. Jitoe chini ya paa, tembea hadi mwisho wa jukwaa, kisha ugeukie kaskazini. Mlima ukiwa umefunguka utaona Kibo ikiwa juu kuliko pale ulipotegemea. Wageni wengi huangalia usawa wa mapaa na miti, wanaona mawingu, wanasema hakuna kitu leo. Inua macho zaidi. Nimemwona abiria mmoja toka Dar akiangalia mawingu muda mrefu, hadi mama aliyekuwa anauza ndizi akamwambia, "Mwanangu, juu ya hayo mawingu. Juu kabisa." Yule kijana alinyamaza, akaweka begi chini.

Kasoro ya Moshi ni kwamba unakaa karibu mno na mguu wa mlima. Kibo iko kaskazini yako kwa kilomita thelathini na kidogo, lakini Mawenzi, kilele chake cha pili, imesogea kulia, upande wa Marangu, na mara nyingi miti na majengo vinaifunika. Unapata nusu ya familia. Mashamba ya migomba na kahawa ya huko juu, Kibosho na Old Moshi, nayo yanaonekana vipande vipande tu. Ni mandhari nzuri sana, nisieleweke vibaya, na kwa mtu ambaye hajawahi kuuona mlima inatosha kabisa.

Muda wa kusimama hapo ni muhimu kuliko kamera uliyobeba. Alfajiri hadi kama saa tatu asubuhi ndiyo nafasi nzuri. Jua likishapanda, hewa ya mteremkoni inapata joto na kupanda ikiwa na unyevu wa msituni, na huko juu inageuka mawingu yanayoufunga mlima mchana kutwa. Jioni, jua likielekea kuzama, mara nyingi hufunguka tena kwa muda mfupi, na barafu inapata rangi ya waridi. Januari na Februari ni miezi mizuri. Masika, Machi hadi Mei, usije na matumaini makubwa. Hata Juni na Julai, ingawa mvua imepungua, baridi huleta mawingu mazito ya chini na unaweza kukaa siku kadhaa Moshi bila kujua kama kuna mlima. Watalii huwa hawaambiwi hili na wanasikitika bure.

Kahe ndiyo namba moja kwangu, na najua watu wa Moshi mjini watanikatalia.

Ni stesheni ndogo, kama kilomita ishirini kusini mashariki mwa Moshi, na wengi huipita wakiwa wanakusanya mizigo yao. Hapa ndipo reli ya Tanga ilipokutana na ile ya Voi, Kenya, ambayo Waingereza waliijenga kupitia Taveta wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Machi 1916 palipiganwa hapa, kwa sababu aliyeishika Kahe aliishika njia ya kwenda Tanga. Leo pametulia, na hakuna ghorofa la kukuziba. Ukielekea kaskazini, Kibo iko mbele kidogo kushoto na Mawenzi karibu sawa na pua yako, na kati yao tandiko refu linalowaunganisha. Wote wawili kwa mtazamo mmoja. Chini yao kuna mstari wa msitu, chini ya msitu kijani cha migomba, kisha tambarare inakuja hadi kwenye reli uliyosimama kando yake.

Siku moja nilimkuta hapo mzee mmoja, mstaafu wa reli, amekaa kivulini. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Leo umebahatika, umefunguka wote."

Nikamwambia nimetoka Moshi kwa ajili ya kuuangalia tu. Hakushangaa hata kidogo. Akanionyesha Mawenzi kwa fimbo, jinsi ilivyochongoka na kuvunjika, akanisimulia kile ambacho kila mtoto wa Uchagani amesimuliwa: Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, leo anaomba, kesho anarudi, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi. Hadithi hii nimeisikia tangu utoto nikiwa kule juu mlimani, lakini ni Kahe nilipoiona. Ukiwa Moshi huwezi kuwalinganisha hao wawili. Kahe unawaona wamekaa pamoja, mmoja mviringo na mweupe kichwani, mwingine ana makovu, na hadithi inajieleza yenyewe.

Huwa nafikiria pia abiria wa kwanza wa reli hii. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Miaka kumi na minane kwa kilomita 352 hivi. Aliyepita Kahe miaka ile aliona mlima wenye kofia kubwa ya barafu kuliko tunayoiona sisi. Waliopima wanasema zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha. Kule Uswisi, stesheni ya Jungfraujoch ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1912, na dunia nzima inaijua. Reli yetu ni rika lake. Na kwa kuwa barafu inazidi kupungua, mwenye nia ya kuja kuangalia asiseme mwakani.

Si lazima upande treni ili ufike Kahe. Magari ya abiria ya kwenda huko yapo, na bodaboda zipo. Ukifika, mtafute mhusika wa stesheni, msalimie, mweleze shida yako kabla hujapiga picha. Reli ni mali ya umma na watu wake wana haki ya kujua wewe ni nani. Usisimame juu ya mataruma kutafuta pembe nzuri, maana treni za mizigo zinapita. Beba maji na kofia, kwa sababu joto la Kahe si la Moshi.

Same na Mombo nitazisema kwa kifupi. Same ni nzuri kwa anayependa nchi kavu: milima ya Pare imekukalia juu upande mmoja, nyika imelala upande mwingine. Mombo iko chini kabisa ya Usambara, ukuta wa milima umesimama juu ya mji na barabara ya Lushoto inaupanda kwa kona. Ingekuwa ya pili katika hesabu yangu kama treni ya abiria ingepita mchana. Kwa ratiba nilizosafiri nazo, Mombo huwa ni usiku, na unachokiona ni taa na watu wanaopanda na kushuka. Mchana nimeiona kwa basi.

Arusha inanipa shida kuisema, kwa sababu mlima Meru naupenda. Reli ilifika huko enzi za Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1920, na treni ya abiria ilirudi Oktoba 2020. Stesheni iko upande wa chini wa mji, jirani na mtaa wa Unga Limited, kwa hiyo mji wote umekaa kati yako na mlima. Meru ina mita 4,566 na iko karibu sana, lakini jukwaani unaiona juu ya mapaa, nguzo na nyaya. Asubuhi iliyo safi inapendeza, hasa ncha yake inapopata jua wakati mjini bado kuna kivuli. Ila kama jukwaa, siwezi kuipa zaidi ya nafasi ya tatu.

Uzuri wa Arusha uko dirishani kabla hujafika. Ukitoka Moshi, treni inaijia Meru toka mashariki, na huo ndio upande ambao mlima uliporomoka zamani. Toka mjini Meru ni kama koni iliyokamilika. Toka kwenye behewa unaona ubavu uliofunguka, kuta za kasoko, yaani shimo la volkano, na siku yenye hewa safi hata kilima cha majivu kilichoota ndani yake. Treni ni ya polepole kuliko basi dogo la Kosta, na anayewahi kikao Arusha apande Kosta. Anayetaka kuiona Meru hivyo hana njia nyingine nzuri zaidi ninayoijua.

Kuhusu pa kukaa: ukitoka Dar au Tanga, dirisha la kulia kwa uelekeo wa treni ndilo la milima, kuanzia Usambara, Pare, Kilimanjaro hadi Meru. Ukirudi, ni la kushoto. Ukipewa upande mwingine, omba kwa heshima kubadilishana na mwenzako. Wasafiri wengi wa mbali hupendelea kulala na watakupisha.

Na ombi langu kwa wenye mamlaka ya stesheni hizi ni dogo: pale Kahe wekeni benchi moja refu linaloelekea kaskazini, lenye kivuli, na kibao kinachoonyesha ipi Kibo na ipi Mawenzi. Hapo aliyetoka mbali ataelewa kwa nini sisi huwa hatuharakishi kutoka jukwaani.